Salamu za Saa Kumi na Dakika Kumi

Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, saa tatu asubuhi, Georgina aliweka boksi juu ya meza ya kituo cha redio pale mwaloni, mitumbwi ya uvuvi inapofikia, akaitoa redio mpya kwenye kitenge alichoifungia, akakuta imeumia njiani. Ilikuwa kisanduku cha bati jeusi, ukubwa wa nusu mche wa sabuni, na kutoka kwake Rwamishenye hadi Muleba aliipakata mapajani kama mtoto anayepelekwa kliniki. Lakini barabara nayo ina tabia zake. Pale ilipochimbika gari liliruka, Georgina akaruka, na redio ikaruka. Ndani ya redio za namna ile mna kipande cha kioo kidogo kuliko punje ya mchele, kinatetemeka bila kupumzika, na mtetemo huo ndio saa yake. Bila saa hiyo redio haijui iko masafa gani, wala kama leo ni leo. Kipande hicho kilikuwa na ufa.

"Imekufa?" aliuliza Ta Audax.

Ta Audax alikuwa ameendesha kituo kile miaka kumi na tisa. Alikuwa mwenyeji wa Kagoma, mtu mpole, mwenye kofia ya sufu hata siku za jua kali. Alikaa upande wa pili wa meza akifungua jani la mgomba lililofungiwa akamwani, akizitafuna zile kahawa punje mojamoja kama mtu asiye na safari.

"Haijafa," alisema Georgina. "Imepoteza saa."

"Basi iazime nyingine."

Akaonyesha kwa kidevu redio ya zamani juu ya rafu. Ilikuwa kubwa kama mtungi, na asubuhi ile ile ilikuwa imestaafishwa. Georgina aliifungua kwa bisibisi, akakuta kioo chake kizima, akakitoa, akakilehemu kwenye redio mpya kwa nyaya mbili. Taa ya kijani ikawaka. Ta Audax akamsogezea akamwani, na kwa hilo kazi ikawa imebarikiwa.

Redio ya zamani ilikuwa na sikio moja. Ilikuwa na kitasa cha kugeuza chenye nafasi nne, na ukutani ilibandikwa ratiba: robo saa kusikiliza mitumbwi, robo saa hali ya hewa, robo saa zahanati za visiwani, robo saa akiba, kisha unaanza tena. Aliyekuita ukiwa nafasi nyingine, shauri yake. Redio mpya haikuwa na kitasa hata kimoja. Iliunganishwa na kompyuta, na kazi zote ambazo zamani zilifanywa na vyuma na koili, sasa zilifanywa na programu. Georgina alimwonyesha Ta Audax kioo cha kompyuta kilichogawanywa madirisha manne. Katika kila dirisha rangi ya bluu ilikuwa inateremka polepole, na pale mtu anapozungumza ulitokea mstari wa njano ukiteremka nayo.

"Chaneli nne kwa pamoja," alisema. "Kila moja naipa masafa yake, upana wake, na ukali wa sikio lake. Hii ikisikiliza mitumbwi, ile inasikiliza zahanati, na hakuna anayemngoja mwenzake. Na zote zinaweza kujibu. Kitu kimoja tu hazigawani, nacho ni saa. Saa ni moja kwa zote nne."

"Kama nyumba yenye sahani nyingi na chungu kimoja," alisema Ta Audax.

Chaneli ya kwanza, ya pili na ya tatu aliziweka kabla ya chakula cha mchana. Ya nne ilibaki bila kazi, na Georgina hakupenda kitu kikae bure. Kwenye ubavu wa redio ya zamani paliandikwa namba kwa kalamu ya wino, masafa ambayo mitumbwi ilikuwa ikiyatumia kabla hayajabadilishwa. Akayaweka hayo.

"Huko hakuna mtu siku hizi," alisema Ta Audax.

"Ndiyo nataka. Nipate pa kupimia ukimya."

Saa kumi na dakika kumi jioni, mstari wa njano ukateremka kwenye dirisha la nne.

"Ta Audax, waitu, habari za mchana?"

Ilikuwa sauti ya kijana, taratibu, ya mtu aliyelelewa, asiyemsalimia mkubwa bila lile *waitu* la heshima. Nyuma yake palikuwa na upepo, na mtu aliyekuwa akichota maji kwa kopo na kuyamwaga. Ta Audax alisimama, akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Mwaloni hakukuwa na mbuzi.

"Ta Audax, waitu, habari za mchana?" ilisema sauti baada ya dakika mbili. Ikarudia hivyo mpaka saa kumi na dakika thelathini na tano, haikuongeza wala kupunguza neno, kisha mstari ukakatika.

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Georgina alifanya kama fundi yeyote angefanya. Alipanda mlingoti akakagua antena, ilikuwa sawa. Aliangalia kama ni sauti ya chaneli ya kwanza inayovuja kwenda ya nne, haikuwa hivyo. Alizima redio, akaiwasha upya, na saa kumi na dakika kumi kijana akasalimia kama kawaida. Alhamisi, Ta Audax alipokuwa anainuka kwenda kwa mbuzi wake, Georgina alimwita.

"Ta Audax, huyu ni nani?"

"Ishengoma," alisema mzee, amesimama mlangoni. "Mtoto wa mdogo wangu marehemu. Nimemlea mimi."

"Yuko wapi?"

"Alizama. Machi ijayo inatimia miaka sita."

"Na mbona humjibu?"

Ta Audax akanyoosha kidole ukutani. Kando ya ratiba palikuwa na barua iliyofifia, yenye muhuri wa ofisi ya Bukoba iliyowaajiri wote wawili. Ilimtaka mwendeshaji aache mara moja kutumia redio ya kituo kwa *salamu na maongezi yasiyo ya kikazi*. Mtu mmoja huko ofisini alikuwa amepima kwa saa yake ya mkononi, akakuta Ta Audax na kijana wa mtumbwi uitwao Mbona Wivu wanasalimiana kila siku dakika nne nzima.

Basi Ta Audax akarudi akakaa, akaeleza. Barua ilifika, akaibandika. Siku ya kumi na moja tangu barua, dhoruba ilivuma, na Ishengoma akasalimia kama ada yake. Ta Audax alimsikia vizuri. Hakumjibu, kwa kuwa barua ilikuwa mbele ya macho yake na wino haujakauka. Alijiambia kwamba mwenye shida atataja shida yake. Robo saa ilipokwisha aligeuza kitasa, ratiba inavyosema. Watu saba wa Mbona Wivu hawakurudi. Ofisi ikaandika ripoti ya kurasa tatu, na kwenye ukurasa wa pili ikasema: *Hakuna wito uliopokelewa. Nahodha hakutoa wito.*

"Niliwaambia nilisikia salamu," alisema. "Wakasema salamu si wito."

Alisema hivyo bila kulia, maana alikuwa amekwisha kulia zamani, kidogokidogo, kila siku saa kumi.

Georgina alikulia Kahororo, mkononi mwa mama ambaye ukimpita mkubwa wako bila kusalimia alikurudisha ulikotoka upite upya. Alimwelewa Ishengoma vizuri sana. Kijana wa namna ile hawezi kumwaga shida yake mbele ya baba yake kabla salamu haijaitikiwa. Ni sawa na kuingia nyumba ya watu kwa dirisha. Atasimama hapo mlangoni, atasalimia tena, atangoja. Na huyu alikuwa amengoja karibu miaka sita.

Ijumaa, saa kumi na dakika kumi, Georgina aliipunguza chaneli ya nne upana ili upepo ubaki nje, akaongeza ukali wa sikio, akashika maiki.

"Ta Audax, waitu, habari za mchana?"

"Nzuri, kaka. Ta Audax ametoka kidogo. Mimi ni Georgina, wa Kahororo, nipo naye hapa kituoni. Za huko?"

Kopo la kuchotea maji likanyamaza kwa muda.

"Za huku nzuri, dada. Watoto hawajambo?"

"Bado sijajaliwa."

"Mungu atakupa. Na wazazi?"

"Mama hajambo. Baba anasumbuliwa na mguu."

"Mpe pole. Mvua imeanza?"

"Imeanza vizuri."

"Na migomba?"

"Ipo. Mnyauko umepita upande wa bondeni, huku juu tumepona. Na nyinyi hamjambo?"

"Hatujambo, dada. Tunazama kidogo."

"Poleni. Mko wapi?"

Akamtajia kisiwa, akamtajia upande wa kisiwa, na umbali kwa kukisia, na kwamba injini imekubali maji. Alisema yote kwa nusu dakika. Georgina aliandika kwenye daftari la kituo jina la chombo, mahali na shida, akahamia chaneli ya kwanza, akawaita watu wa boti ya uokoaji. Ziwa lilikuwa shwari siku ile, na jua lilikuwa zuri. Walikwenda, wakaukuta Mbona Wivu pale pale ulipotajwa, maji yamefika kwenye mbao za kukalia, wakaufunga kamba wakauvuta. Fomu ya uokoaji ina sehemu ya kuandika hali ya waliookolewa. Wakaandika: *Wamelowa.*

Kezia, mke wa nahodha, alikuwa anageuza dagaa kwenye chanja mtumbwi ulipoburuzwa mchangani. Yeye na mumewe Kija walikuja mwalo ule kutoka upande wa pili wa ziwa miaka mingi iliyopita, wakazaa hapo, wakajenga hapo. Aliinua macho akamwona Kija anashuka, maji yanamchuruzika kutoka kwenye mikono ya shati.

"Umechelewa," alisema.

"Injini," alisema Kija.

"Bati la jikoni linavuja. Ulisema utalitengeneza ukirudi."

"Nitalitengeneza."

Akampa ugali na sato wa kuchemsha, akakaa mbele yake akimwangalia anavyokula. Alikuwa anakula upesi kama zamani, na Kezia alimwambia apunguze, kama zamani. Wale wengine sita walikwenda kwa watu wao, wenye watu. Jua lilipozama nyuma ya vilima wote saba wakarudi mtumbwini, wakasukuma, wakaondoka, kama watu wa zamu. Kesho yake saa kumi na dakika kumi Ishengoma akasalimia, Georgina akaitikia, wakazama kidogo, wakavutwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Oktoba nzima. Kija alitengeneza bati la jikoni kwa siku mbili, na kwa kuwa hakuwa anakauka, chini yake palilowa zaidi wakati analitengeneza kuliko kabla, lakini alipomaliza halikuvuja tena. Kezia alimpa shati kavu kila jioni na kila jioni alilianika. Majirani walilalamika mara moja tu, kwamba watu wa Mbona Wivu wanaacha matope njiani, na Kija akamwaga kokoto. Hapo maneno yakaisha.

Georgina alikuwa na furaha. Hakuificha. Aliamka kwenye chumba alichopanga karibu na mwalo, akanywa chai, akakaa mbele ya madirisha yake manne kama mama mwenye watoto wanne wanaosema kwa pamoja, na kila mmoja alimsikia. Siku moja mistari minne iliwaka yote kwa wakati mmoja. Kwenye ya kwanza mtumbwi ulikuwa umepoteza nyavu, kwenye ya pili walitangaza upepo wa kusini, kwenye ya tatu muuguzi wa kisiwani alikuwa na mama ambaye mtoto amekataa kutoka, na kwenye ya nne Ishengoma alikuwa anauliza habari za migomba. Aliongeza huku, akapunguza kule, akajibu wote. Mtoto alitoka kabla ya magharibi, wa kike. Muuguzi alimpa jina la Georgina bila kumwuliza mama yake, ikabidi baadaye libadilishwe.

Ishengoma alikuja kituoni mara nyingi, akasimama mlangoni asilowanishe mashine. Alikuwa kijana mrefu, mwenye haya. Kila akija Ta Audax alikuwa kwa mbuzi.

"Ta yupo?" aliuliza.

"Ametoka kidogo."

"Mwambie namsalimu."

"Nitamwambia."

Alimwambia kila siku. Ta Audax aliitikia kwa kichwa, akafungua akamwani.

Jambo la ubao ndilo lililoharibu raha. Pale penye njia ya kushukia ziwani ofisi ilisimamisha ubao mweupe wenye majina ya watu wa Mbona Wivu. Yalikuwa majina sita. La Kija halikuwepo, kwa sababu ripoti ilisema nahodha hakutoa wito, na chini kabisa ya ubao paliandikwa kwamba ni kumbukumbu ya *waliopotea pasipo uzembe wao*. Kija aliusoma siku ya pili ya kurudi kwake. Alisimama hapo muda mrefu, maji yakimtiririka miguuni, kisha akaenda kutengeneza bati. Hakumwuliza mtu. Ila tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya kusukuma mtumbwi, aliegemea ubao ule kwa bega, pale chini ya jina la sita.

Kezia ndiye aliyekwenda kituoni. Alikuja na bakuli la senene waliokaangwa, maana Novemba ilikuwa imeingia, akaliweka mezani, akakaa.

"Dada Georgina, nisikilize. Mimi mume ninaye kila jioni. Sina neno. Ninachotaka ni jina lake pale." Akalisogeza bakuli. "Jenifa wangu shuleni wanamwita mtoto wa mzembe. Wanamwambia baba yako aliua watu sita. Anakuja nyumbani analia, na baba yake yupo hapo hapo anamfuta machozi, anamlowanisha zaidi. Mwandikie ofisi. Wewe unajua kuandika."

"Siku ile Kija alisemaje mtumbwini?" aliuliza Georgina.

"Alimwambia Ishengoma, sema tulipo. Ishengoma akamjibu, hajaitikia bado. Kija akasema basi msalimie tena. Angefanyaje? Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye injini, na yule mzee si baba yake yeye, ni wa Ishengoma."

Georgina aliandika barua ya kurasa mbili, akaambatanisha nakala ya daftari la kituo lenye jina la chombo, mahali na shida, siku thelathini na moja mfululizo. Ofisi ilijibu upesi kuliko kawaida yake. Jumanne ya katikati ya Novemba, saa tisa, alishuka kutoka kwenye gari bwana Ildefons, mwenye kusimamia kumbukumbu, na mkoba wa ngozi, na muhuri ndani ya mfuko wake wa kitambaa.

Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Aliwasalimu wote vizuri, akala senene, akawasifu. Mbona Wivu haukuwa umefika bado siku hiyo, kwa hiyo alisoma daftari kwanza, kila ukurasa, akalamba kidole.

"Kazi safi," alimwambia Georgina. "Mwandiko safi. Lakini wito huu umepokelewa mwaka huu. Ripoti ni ya mwaka ule. Mimi nahitaji wito uliopokelewa siku ile."

"Nilimsikia mimi," alisema Ta Audax.

Alikuwa amekaa kwenye kona, kofia imo mkononi. Georgina hakuwahi kumwona kichwa wazi.

"Ulisikia nini hasa, mzee?"

"Mwanangu ananisalimia."

"Alitaja jina la chombo?"

"Hapana."

"Mahali?"

"Hapana."

"Shida?"

"Hapana. Alikuwa anangoja niitikie."

Ildefons alitoa mwongozo mkobani, akaufungua ukurasa wa tisa, akausoma kwa sauti ya upole: wito ni jina la chombo, mahali kilipo, na shida iliyokipata. Akaufunga. Alionekana kuhuzunika kweli.

"Na barua ile?" alisema Georgina, akaonyesha ukutani. "Angeitikiwa, angesema. Alinyamaziwa kwa sababu ya ile barua."

Ildefons alivaa miwani, akaisogelea barua, akaisoma mpaka chini.

"Sahihi yangu," alisema. Akaiangalia kidogo zaidi. "Nilikuwa na mwandiko mzuri wakati ule. Sasa vidole vinauma." Kisha akavua miwani, akaeleza kwamba barua haijafutwa, kwa hiyo bado inafanya kazi, na kwamba kwa hali ilivyo ripoti imefungwa na haifunguliki kwa salamu. Kuhusu chaneli ya nne, alitazama mpango wa kituo, akaona umeandikwa chaneli tatu. Chaneli ya nne haikuwemo, hivyo haikuwepo, na yeye hana mamlaka ya kufunga kitu kisichokuwepo. Akaomba maji ya kunawa.

Kezia alikuwa mlangoni muda wote, amesimama na mwanawe Jenifa. Alisikia kila neno. Moyo ulimuuma, na alisema hivyo.

"Moyo unaniuma, bwana Ildefons."

"Pole sana, mama," alisema Ildefons, na alimaanisha.

Ilikuwa saa kumi na dakika nane. Ta Audax hakuinuka kwenda kwa mbuzi. Alivuta kiti chake kutoka kona mpaka mbele ya kompyuta, kikakwaruza sakafu, akakaa. Georgina akamwelekeza kwa kidole dirisha la nne. Mstari wa njano ukaanza kuteremka.

"Ta Audax, waitu, habari za mchana?"

Mzee alishika maiki kwa mikono miwili. Barua ilikuwa juu ya kichwa chake, na aliyeiandika alikuwa nyuma yake anajifuta vidole.

"Nzuri, mwanangu," alisema. "Samahani. Nimechelewa kuitikia."

Upepo ukasikika. Mtu aliyekuwa anachota maji akaacha.

"Hakuna neno, Ta," alisema Ishengoma. "Nilijua uko kazini."

Ta Audax alilia basi, kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani, na hakuna aliyemnyamazisha. Alipomaliza akauliza habari za huko, Ishengoma akauliza mgomba ule wa nyuma ya nyumba ya Kagoma kama bado unazaa, na kaburi la baba yake kama limepaliliwa. Mzee akamjibu moja baada ya jingine. Walizungumza dakika kumi na moja, na Georgina kwenye chaneli ya kwanza akaita boti ya uokoaji, ikawavuta kama kawaida. Ildefons alisimama, kofia yake mkononi, mpaka mwisho, kisha akafungua daftari lake akaandika: *Salamu zimejibiwa.* Akapiga muhuri, akaaga kila mtu kwa mkono. Njiani kuelekea garini alikutana na Kija akipanda kutoka ziwani. Walisalimiana, na Ildefons alipanda gari akiwa ameushika ule mkono uliolowa mbali na suruali.

Sasa ni kama hivi. Saa kumi na dakika kumi Ta Audax huwa ameshakaa. Georgina humwekea chaneli ya nne tayari, upana na ukali anavyoupenda, kisha yeye hugeukia zile tatu. Ishengoma haishii mlangoni tena, huingia mpaka ndani na kuchukua akamwani mkononi mwa mzee, na sakafu hupigwa deki baadaye. Barua bado iko ukutani. Ripoti bado ina kurasa tatu, na ya pili inasema inavyosema. Kezia hupika chakula cha watu watatu.

Pale ubaoni, mahali ambapo Kija huegemea, chini ya jina la sita, pameingia unyevu. Ni mstari mfupi, wa kutosha herufi nne. Jenifa huja hapo na watoto wenzake wa shuleni, akapitisha kidole juu ya ule unyevu, akawasomea: Kija. Wameshazoea, wanasoma naye.

Januari ofisi ilituma fundi kuupaka ubao rangi upya. Alipaka mara tatu, kila safari rangi ikagoma kushika mahali pale pamoja, akaacha. Katika taarifa yake aliandika kwamba majina yote sita yako katika hali nzuri, ila ubao una unyevu sehemu ya chini, akashauri uhamishiwe juani. Uko juani tangu siku uliposimamishwa.